Siku ya Tatu ya Mtoto

Mtoto mchanga akionekana njano, ushauri wa kwanza anaopewa mama yake ni ule ule, awe anaishi Majengo au Pasua mjini Moshi, au juu kabisa migombani kwenye mlima Kilimanjaro: mtoe nje aote jua la asubuhi. Bibi anasema hivyo, jirani anasema hivyo, na mwenye duka akisikia habari naye anaongezea hivyo hivyo. Ushauri wenyewe ni wa bure na unatolewa kwa nia njema. Lakini kwa mzazi wa Kibosho au Machame mwezi wa Julai, jua lenyewe liko wapi? Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, saa nne ya asubuhi majani bado yanadondosha maji, na mtu mzima aliyevaa koti anatafuta moto wa kuota. Kumvua nguo mtoto wa siku tatu katika hali hiyo ni kumtafutia maradhi mengine.

Hata hivyo siwezi kuucheka ushauri wa bibi. Tiba ya mwanga, ambayo leo hospitali za dunia nzima zinaitumia kwa watoto wenye manjano, ilizaliwa juani, na aliyeiona wa kwanza hakuwa profesa.

Ilikuwa mwaka 1956, majira ya joto, katika Hospitali ya Rochford huko Essex, Uingereza. Sista Jean Ward, muuguzi aliyesimamia wodi ya watoto njiti, aliamini kwamba hewa safi na jua vingewafaa watoto wake kuliko joto zito la ndani. Siku zikiwa nzuri, aliwatoa uani. Siku moja madaktari walipopita wodini aliwaonyesha mtoto mmoja aliyekuwa hana nguo. Mwili wa mtoto ulikuwa umepauka, isipokuwa sehemu moja yenye umbo la pembetatu, ya njano iliyokolea. Daktari alidhani amepakwa dawa. Sista akaeleza kwamba hakupaka kitu. Pembetatu ile ilikuwa imefunikwa na ncha ya shuka. Kilichobadilika ni mwili uliobaki, ambao jua lilikuwa limeufuta manjano.

Madaktari hawakulitilia maanani jambo hilo papo hapo. Wiki kadhaa baadaye, kichupa cha damu ya mtoto mwenye manjano kikasahauliwa dirishani juani. Kilipopimwa, kipimo kilikuwa kimeshuka kwa namna isiyoelezeka. Hapo ndipo walipokumbuka ile pembetatu. Daktari R. J. Cremer na wenzake wakatengeneza fremu yenye taa za bluu, wakawalaza watoto chini yake, na mwaka 1958 wakachapisha matokeo katika jarida la Lancet. Miaka kumi mingine ilipita kabla ya Jerold Lucey na wenzake huko Vermont, Marekani, kuchapisha mwaka 1968 majaribio yaliyowashawishi madaktari wa upande ule.

Katika kisa hiki chote, taa yenyewe hainishangazi sana. Ninachokirudia kichwani ni kwamba, kabla ya kifaa chochote, kulikuwa na mtu aliyemvua mtoto nguo mchana kweupe na kumtazama mwili mzima. Bila mtazamo ule, pembetatu ingefunikwa tena na shuka na habari ingeishia hapo.

Manjano yenyewe yanatoka wapi? Mtoto akiwa tumboni hajivutii hewa mwenyewe. Anagawiwa na mama yake, na hewa hiyo ni haba, kwa hiyo damu yake inajaa seli nyekundu nyingi ili asipungukiwe. Akishazaliwa na kuanza kuvuta hewa yake, wingi ule hauhitajiki tena. Seli zinavunjwa, na mabaki yake ni bilirubini, dutu ya njano isiyoyeyuka kwenye maji. Ini la mtu mzima huigeuza ikayeyuka, ikaingia kwenye nyongo na kutoka na choo. Ini la mtoto wa siku mbili bado halijashika kasi ya kazi hiyo. Ndiyo maana takriban watoto 6 kati ya 10 waliotimiza miezi yao, na njiti 8 kati ya 10, hupata manjano katika wiki ya kwanza. Wengi wao hawahitaji tiba yoyote. Wananyonya, wanapata choo, rangi inaondoka yenyewe.

Kwa wale ambao kipimo kimepanda mno, mwanga unafanya kazi ambayo ini limeshindwa. Miale ya bluu, hasa ile ya nanomita 460 hadi 490, inaikuta bilirubini kwenye ngozi na kuibadilisha umbo. Umbo hilo jipya linayeyuka, na linatoka kwa njia ya nyongo na mkojo bila kupita kwenye foleni ya ini. Hakuna kidonge wala sindano, na miale hiyo si ile inayounguza ngozi.

Basi kama ni mwanga tu, kwa nini jua lisitoshe? Jua lina miale ya bluu tele, hilo halina ubishi. Lakini jua halina kipimo. Linakuja na miale mingine inayobabua, linakuja na joto la kumkausha mtoto maji mwilini, na usiku halipo, wakati bilirubini haina usiku. Halafu tutazame jinsi tunavyoota jua hilo. Mama anatoka barazani saa mbili asubuhi, mtoto amefungwa blanketi, kofia kichwani, soksi miguuni, uso tu ndio uko wazi, na baada ya robo saa wanarudi ndani. Kwa manjano makali, robo saa hiyo haisaidii kitu. Inachofanya ni kuwatuliza watu wa nyumbani wakati kipimo kinapanda.

Nigeria walijaribu kulitumia jua kwa adabu zake. Daktari Tina Slusher na wenzake walijenga vibanda vilivyoezekwa karatasi maalumu za nailoni zinazochuja miale mibaya na kupunguza joto, wakawaweka watoto chini yake huko Lagos. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba jua lililochujwa linaweza kufanya kazi sawasawa na taa. Lakini tusichukue nusu ya habari. Vibanda vile vilikuwa hospitalini, joto la kila mtoto lilipimwa mara kwa mara, na damu yake ilipimwa pia. Jua lile lilikuwa na muuguzi pembeni.

Na kwetu, mwanga wenye muuguzi pembeni unapatikana wapi? Wazee wa Uchagani husimulia kwamba Mawenzi alikuwa mzembe wa kuzimikiwa moto. Kila mara alikwenda kwa ndugu yake Kibo kuomba kaa, mpaka Kibo akachoka, akampiga kwa mchi, na ndiyo sababu kilele cha Mawenzi kimechongoka na kuvunjika hadi leo. Hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo katikati ya mji wa Moshi inaitwa kwa jina lake. Juu kidogo iko hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971 na inayohudumia kanda yote ya kaskazini. Huko mlimani ziko hospitali za makanisa: Machame, Kibosho, Kilema, Marangu, na Huruma kule Rombo. Si kwamba mlima huu umetupwa. Mtu wa hapa akitaka kuomba moto, mlango wa kubisha upo. Swali ni anabisha siku ya ngapi.

Mtoto aliye chini ya taa anatisha kumtazama mara ya kwanza. Yuko uchi, amebakiziwa nepi tu, nayo imekunjwa ikawa ndogo ili ngozi kubwa iwe wazi. Macho yamefunikwa kwa kitambaa kilichoshikizwa vizuri. Kila kitu ni bluu: shuka, mikono ya muuguzi, midomo ya mtoto. Mama amekaa pembeni, kitenge mabegani, hajui aguse nini.

"Sista, hatapata baridi?"

"Hapana mama, humu kuna joto, na tunampima. Mnyonyeshe kila baada ya saa mbili au tatu, ukimaliza mrudishe upesi. Akipata choo chepesi cha kijani usiogope, ndiyo yanatoka hayo."

Mtoto analia, anatafuta kukumbatiwa, na mkono wa mama unakwenda wenyewe kumtoa. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Tiba hii ni ya saa nyingi, mara nyingi siku moja hadi tatu, na kila saa anayotolewa pasipo sababu ni saa iliyopotea. Kunyonyesha ni sababu, tena ni sehemu ya tiba. Maji ya glukosi si sehemu ya tiba.

Kuna jambo lingine pale ambalo mgeni hawezi kuligundua. Muuguzi akitaka kumkagua mtoto, anazima taa kwanza. Chini ya mwanga wa bluu manjano hayaonekani, wala haonekani mtoto anayeishiwa hewa na kubadilika midomo. Na hata taa ikizimwa, ngozi iliyokwisha kupigwa na mwanga inadanganya: inakuwa safi wakati damu bado imejaa. Tangu hapo ni kipimo cha damu tu kinachosema kweli. Na taa nazo zina udanganyifu wake. Zile za mirija zikizeeka huendelea kuwaka vizuri tu machoni wakati nguvu ya kutibu imekwisha, na wodi isiyo na kifaa cha kupimia mwanga huo haitajua. Taa inaweza kuwaka bila kutibu. Umeme nao ukikatika, na jenereta haina mafuta, hata taa mpya inabaki pambo. Anayechangia hospitali taa aulizie na hayo.

Lakini hata tukijaza taa kila kituo cha afya kuanzia Himo mpaka Sanya Juu, taa haitoki kwenda kumtafuta mtoto. Mtoto yuko ndani ya nyumba, na nyumba yetu ina desturi zake.

Uchagani mzazi hupumzishwa miezi mitatu. Halimi, hachoti maji, hapiki. Mama mkwe au mama yake mzazi anamkalia, anampikia mtori, anamletea maziwa, supu na mlaso, na ukoo unapita mmoja mmoja kumwona mzazi na mkono hauwi mtupu. Pwani wana arobaini, sisi tuna miezi mitatu. Sijui desturi nyingine inayomheshimu mwanamke kuliko hii, na anayetaka kuifuta sina la kumwambia. Lakini nyumba ya kale ya nyasi haikuwa na madirisha, na ya leo, ya matofali, ina madirisha makubwa yaliyofungwa mapazia mazito, kwa ajili ya baridi na kwa ajili ya macho ya watu. Chumba cha mzazi kina giza mchana. Mtoto amevikwa nguo tatu na blanketi juu yake. Mgeni anayekuja kumwona anafunuliwa uso wa mtoto peke yake, kwa mwanga wa balbu.

Na mgeni anapofunuliwa uso huo, anasema nini? "Jamani, keupe! Kamechukua kwa shangazi yake." Watoto wetu huzaliwa na rangi nyepesi kabla ya kukolea, na weupe huo tunausifia. Mama anasikia sifa, bibi anatabasamu, na mtoto ambaye si mweupe bali ni njano anafunikwa tena. Mambo mawili mema, joto la blanketi na sifa za wageni, yamesaidiana kuificha rangi ambayo ingeokoa maisha yake.

Sasa tuhesabu siku. Manjano ya kawaida huanza siku ya pili au ya tatu, na hufika kileleni kati ya siku ya tatu na ya tano. Mama aliyejifungua salama huruhusiwa baada ya siku moja hivi. Kliniki inayofuata, kwa kawaida, ni ya siku ya saba. Kwa hiyo kipindi ambacho bilirubini iko juu kuliko wakati wowote wa maisha ya mtoto ndicho kipindi ambacho hayupo mtaalamu yeyote anayemtazama. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto aonwe tena kati ya saa 48 na 72 baada ya kuzaliwa. Saa hizo ndizo siku ya tatu. Kwetu siku hiyo ameachiwa bibi, na bibi hajaambiwa atazame nini.

Takwimu za Tanzania nzima zinasema jambo linalofanana na hili. Katika utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2015 na 2016, watoto 67 kati ya 1,000 walikufa kabla ya kutimiza miaka 5. Mwaka 2022 walikuwa 43. Hayo ni mafanikio makubwa. Lakini waliokufa katika siku 28 za kwanza walikuwa 25 kati ya 1,000, na mwaka 2022 walikuwa 24. Uzazi wa hospitalini na vituoni ulikuwa umefika asilimia 81. Kwa haki, manjano si muuaji anayeongoza katika siku hizo: wanaoongoza ni kuzaliwa kabla ya miezi, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na maambukizi. Lakini namba hizi zinaonyesha kwamba mwezi wa kwanza umegoma, na kumfikisha mama kitandani kwa kujifungua ni nusu ya safari.

Manjano yasiyotibiwa hayaui kila mara, na hapo ndipo yalipo mateso yake. Bilirubini ikizidi sana inaingia kwenye ubongo na kutia doa sehemu zinazoongoza miendo na usikivu. Daktari wa Kijerumani Christian Schmorl aliyaona madoa hayo na kuyapa jina mwaka 1904. Mtoto anayenusurika anaweza kuishi na mtindio wa ubongo: shingo haikazi, mikono inajipinda bila kutumwa, masikio hayasikii. Mara nyingi akili yake inaelewa kuliko mwili unavyoweza kuonyesha. Kijijini wataanza kutafuta mkosi ulitoka upande gani wa ukoo, na mara nyingi watasema umetoka kwa mama. Hakuna atakayesema kwamba lilikuwa suala la siku mbili za kuchelewa. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na huku inaumiza ubongo.

Kipimo kikishavuka mpaka, mwanga peke yake hautoshi. Mtoto hubadilishiwa damu: inatolewa kidogo kidogo, mara nyingi kupitia mshipa wa kitovu, na kurudishiwa ya mwingine. Ni kazi nzito na ina hatari zake. Taa imewekwa ili watu wasifike huko.

Wapo watoto ambao saa yao inakwenda haraka kuliko ya wenzao. Njiti. Mtoto wa mama mwenye damu ya kundi O, yeye akiwa A au B. Mtoto wa mama mwenye Rhesus hasi. Aliyevilia damu kichwani wakati wa kuzaliwa. Mwenye maambukizi. Na yule mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi inayopatikana zaidi kwa watu ambao vizazi vyao viliishi na malaria. Watoto hawa seli zao huvunjika kwa ghafla wakikutana na vitu fulani, na kimojawapo kimo ndani ya masanduku yetu: vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali tunavyoweka kwenye nguo kuzuia wadudu. Nguo za kaka mtu zilizotunzwa miaka miwili sandukuni na vidonge vile zinatolewa, zinanukia, zinavishwa mtoto mpya siku hiyo hiyo. Ni afadhali zisikutane kabisa na vidonge hivyo, na zilizokwisha kukutana navyo zisivishwe kichanga.

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga wahudumu zaidi ya 137,000 ndani ya miaka 5. Kama ningeulizwa wapewe kazi gani ya kwanza katika vijiji vya mlimani, ningejibu bila kufikiri: wabishe hodi siku ya tatu. Wasije na hotuba. Waombe pazia lifunguliwe, wamkague mtoto, waondoke. Lakini hata kabla hawajafika, yupo mtu ambaye tayari yuko ndani ya nyumba, anayeaminiwa, mwenye mikono iliyokwisha kulea. Desturi ya miezi mitatu imempa bibi mamlaka yote juu ya chumba kile. Tumwongezee na hili, nalo ni dogo.

Siku ya tatu, mchana, funga mlango ili baridi isiingie, fungua pazia. Mvue mtoto nguo zote. Bonyeza kwa kidole puani, kifuani, kwenye paja, achia, tazama ngozi inayorudi ina rangi gani. Tazama weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo. Kesho yake rudia, na kesho kutwa. Akiwa njano kidogo usoni na ananyonya vizuri, aongezewe kunyonya na apelekwe akapimwe. Lakini manjano yaliyoonekana siku ya kwanza, au yaliyofika viganjani na kwenye nyayo, au ya mtoto asiyenyonya, anayelala mno, anayelegea au kujipinda mgongo, hayo hayasubiri jua la asubuhi. Ni ya hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku na mvua inanyesha.